Gia Zinapokataa Kuingia: Pima Klachi Kabla ya Kushusha Giaboksi

Katika toleo hili tunajifunza juu ya tatizo ambalo karibu kila kituo chenye gari kimewahi kukutana nalo: gia zinazokataa kuingia, zinazokwaruza, au zinazochomoka zenyewe gari likiwa njiani. Mfano wetu utakuwa Toyota Land Cruiser ndefu ya gia za mkono, ile tunayoiita hadtopu, pamoja na ndugu yake pikapu. Hayo ndiyo magari yanayobeba kazi nyingi za zahanati, visima na shule zetu. Mengi yana injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda 6, iliyoanza kutumika mwaka 1990. Matoleo yaliyotangazwa mwaka 2023 yapo pia ya gia za otomatiki, na hayo hayahusiki na somo hili.

Somo limeandikwa kwa ajili ya madereva, lakini zaidi kwa ajili yetu sisi tunaotia sahihi kwenye hati za malipo ya gereji.

Baada ya somo hili utaweza:
(a) kueleza kwa maneno machache jinsi klachi na giaboksi zinavyofanya kazi pamoja;
(b) kufanya vipimo vinne rahisi bila kufungua hata nati moja;
(c) kumwuliza fundi maswali ya msingi kabla ya kukubali giaboksi ishushwe.

YALIYOTUPATA SISI

Ilikuwa mwezi Januari, katikati ya mvua za Nyanda za Juu Kusini, miaka kadhaa iliyopita. Gari letu lilikuwa linapanda milima ya Ludewa kwenda kliniki ya mama na mtoto. Ndani alikuwamo muuguzi, mizani ya kupimia watoto na kasha la chanjo. Kwenye kilima chenye utelezi dereva alitaka kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Gia ikakwaruza, ikakataa. Akajaribu ya kwanza, nayo ikakataa. Gari likasimama, likaanza kurudi nyuma taratibu. Tunamshukuru Mungu breki zilishika, na utingo aliwahi kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Saa zilikwenda, barafu ndani ya kasha ikaendelea kuyeyuka, na muuguzi akaamua kulirudisha kasha zahanati kwa pikipiki kabla chanjo hazijaharibika. Kule juu akina mama walikuwa wanasubiri tangu asubuhi, wengine wakiwa wametembea saa 2 au 3 na watoto mgongoni. Walirudi nyumbani bila chanjo.

Gari lilivutwa hadi gereji. Fundi alilizungusha kidogo, akasema, "Giaboksi imekwisha." Mimi nilikuwa na haraka, nikatia sahihi. Giaboksi ikashushwa, zikanunuliwa sinkronaiza na beringi, na gari likakaa gereji wiki 3. Siku nyingine mbili za kliniki zikafutwa. Lilipotoka lilikwenda vizuri sana, nasi tukafurahi. Siku ya 11 gia zikakataa tena.

Siku hiyo alikuwepo ofisini mzee mmoja, dereva wetu mstaafu, aliyekuja kufuatilia mambo yake. Alinikuta nimeshika simu.

"Mratibu mwanangu," akasema, "kabla hujampigia fundi, hebu inua zulia la miguuni kwa dereva."

Nikainua. Chini ya pedali ya klachi palikuwa pamelowa, na rangi ya bati ilikuwa imebabuka.

"Labda ni maji ya mvua, mzee," nikasema.

"Maji ya mvua hayabandui rangi. Hiyo ni oili ya breki. Pampu yako ya juu inavuja."

Tulibadilisha raba za pampu ile kwa gharama iliyokuwa chini ya tangi moja la dizeli. Gia zikaanza kuingia kama kisu kwenye siagi, na tatizo halikurudi. Ndipo nikaelewa kwa nini gari lilikwenda vizuri siku 10 za kwanza baada ya gereji: walipokuwa wanafunga giaboksi waliongeza oili ya klachi na kutoa upepo. Dawa ilikuwa ni hiyo oili, sisi tukadhani ni zile sinkronaiza. Oili ilipovuja tena hadi kupungua, ugonjwa ukarudi.

Naeleza haya si kwa ajili ya kumlaumu fundi. Kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa sababu nilitia sahihi bila kuuliza swali hata moja.

KLACHI NA GIABOKSI HUFANYAJE KAZI?

Injini ikiwaka huzunguka muda wote. Magurudumu nayo kuna wakati yanazunguka na kuna wakati yamesimama. Klachi ni kiungo kinachounganisha na kutenganisha vitu hivyo viwili. Ukikanyaga pedali, injini inaachana na giaboksi. Ukiiachia, vinashikana tena.

Katika gari letu nguvu ya mguu hufika kwenye klachi kwa njia ya oili. Pedali inasukuma pampu ya juu, ambayo mafundi wengi huiita masta. Pampu hiyo ipo upande wa injini, kwenye ukuta ulio mbele ya dereva, pamoja na kikopo chake cha oili. Oili inasukumwa kupitia bomba jembamba na kipande cha mpira hadi pampu ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi. Pampu ya chini inasukuma mkono mdogo wa chuma, mkono huo unasukuma rilizi beringi, na klachi inaachia.

Ndani ya giaboksi kuna sinkronaiza, yaani ringi zinazolinganisha mwendo wa vyuma viwili kabla havijashikana. Ringi hizi hufanya kazi vizuri pale tu injini inapokuwa imetenganishwa kabisa. Klachi ikiachia nusu, injini inaendelea kuzungusha vyuma vya ndani, ringi zinazidiwa nguvu, na dereva anasikia mkwaruzo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu: mkwaruzo unasikika kwenye giaboksi, lakini mara nyingi chanzo chake ni klachi isiyoachia. Na dereva akiendelea kulazimisha gia kwa majuma kadhaa, zile ringi nazo zitakwisha kweli. Hapo ugonjwa wa raba ndogo unakuwa umezaa ugonjwa wa giaboksi nzima.

VIPIMO VINNE VYA DAKIKA KUMI

Fanya vipimo hivi mahali tambarare na pa wazi, pasipo mtu mbele wala nyuma ya gari. Kwanza ondoa zulia au kitu chochote kilichojikunja chini ya pedali. Zulia nene peke yake linaweza kuizuia pedali isifike chini.

Kipimo cha 1: Injini imezimwa. Kanyaga klachi, pitisha mkono wa gia katika gia zote, moja baada ya nyingine. Sogeza gari kidogo kama gia moja imegota, kisha jaribu tena. Zikiingia zote kwa urahisi, huenda mkono wa gia na vyuma vya ndani ni vizima. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, tatizo lipo kwenye mkono wa gia, oili ya giaboksi au vyuma vya ndani.

Kipimo cha 2: Injini inaunguruma. Vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu, washa injini. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi 5, kisha ingiza rivasi taratibu. Katika giaboksi nyingi rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo ndiyo inayosema ukweli mapema. Ikikwaruza baada ya kusubiri, klachi haiachii sawasawa.

Kipimo cha 3: Pampu pedali. Kanyaga na kuachia pedali mara 3 au 4 haraka, ishikilie chini, kisha ingiza gia. Ikiwa sasa inaingia vizuri ilhali mwanzo ilikataa, tatizo lipo kwenye njia ya oili: oili imepungua, kuna upepo ndani, au raba za pampu zimechoka.

Kipimo cha 4: Shikilia pedali. Ingiza gia ya kwanza huku pedali ya klachi ikiwa chini, ondoa breki ya mkono, weka mguu wa kulia tayari juu ya breki. Shikilia hivyo kwa nusu dakika. Gari likianza kutambaa polepole wakati bado umekanyaga, oili inapenya ndani kwa ndani kwenye pampu, hata kama hakuna tone linaloonekana nje.

KUSOMA MAJIBU

Sasa linganisha ulichokiona na orodha hii:

1. Gia zote zinakwaruza au kukataa injini ikiwaka, lakini zinaingia injini ikizimwa: anza na klachi.

2. Gia moja tu inakwaruza, nyingine zote ni nzuri: sinkronaiza ya gia hiyo imechoka. Hili ni tatizo la giaboksi kweli.

3. Gia inachomoka yenyewe, hasa ukiachia mafuta kwenye mteremko: kagua kwanza raba zinazoshikilia injini na giaboksi. Zikiwa zimekatika, injini hucheza na kuvuta gia itoke. Raba zikiwa nzima, ndipo uangalie vyuma vya ndani.

4. Mkono wa gia unalegea na kucheza kama kijiko kwenye uji: bushi ya plastiki iliyo chini ya mkono wa gia imekwisha. Hubadilishwa kwa kufungua kutoka juu, bila kushusha giaboksi.

5. Injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo, na kuna harufu ya kuungua: huo ni ugonjwa wa kinyume chake. Hapa klachi inateleza, haishiki. Klachi pleti imekwisha au imepata oili.

6. Gia zinaingia kwa shida asubuhi ya baridi, kisha zinalainika: angalia aina na hali ya oili ya giaboksi.

KUTENGENEZA NJIA YA OILI YA KLACHI

Hatua ya kwanza ni kuangalia kikopo cha oili. Kinapaswa kuwa kati ya alama za MIN na MAX. Kikiwa chini, usiongeze na kuondoka tu. Oili hii haichomwi kama dizeli. Ikipungua ghafla maana yake inavuja mahali fulani.

Tafuta uvujaji sehemu tatu: ndani ya gari pale kijiti cha pedali kinapoingia ukutani, kwenye bomba na kipande cha mpira, na chini ya gari, kwenye raba ya vumbi ya pampu ya chini. Funua ukingo wa raba hiyo kwa kidole. Kukilowa ndani, raba za pampu zimekwisha. Mwambie mwenzako akanyage pedali huku ukiutazama mpira: ukivimba kama puto, nguvu ya mguu inaishia hapo, nao ubadilishwe.

Oili inayotumika ni ile ile ya breki, aina ya DOT 3 au kama kifuniko cha kikopo kinavyoelekeza. Usiweke kamwe oili ya injini, oili ya usukani wala dizeli, hata kidogo. Hivyo huvimbisha raba, na baada ya siku chache pampu zote huharibika. Oili ya breki pia hunyonya unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi stoo tangu mwaka jana haifai. Ikimwagika kwenye rangi, osha mara moja kwa maji mengi.

Baada ya kubadilisha raba au pampu ni lazima kutoa upepo. Kazi hii inahitaji watu wawili, spana inayoenea barabara, mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa safi:

(i) Jaza kikopo cha oili. Chomeka mpira kwenye chuchu ya pampu ya chini, na ncha ya pili izame ndani ya chupa yenye oili kidogo ya breki.
(ii) Mtu wa juu akanyage pedali taratibu mara kadhaa, kisha aishikilie chini na kusema, "Tayari."
(iii) Mtu wa chini afungue chuchu kidogo. Oili na mapovu vitatoka.
(iv) Afunge chuchu KWANZA, ndipo aseme, "Achia." Wakikosea mpangilio huu, upepo unarudi ndani.
(v) Rudieni hadi mapovu yaishe. Kila baada ya mara chache ongezeni oili, kwa sababu kikopo kikikauka mnaanza upya.

Mwisho pimeni uchezaji wa pedali kwa mkono. Juu kabisa, kabla haijaanza kuwa nzito, pedali icheze kidogo. Kwa magari mengi ya aina hii kipimo ni kati ya milimita 5 na 15, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Uchezaji ukizidi, klachi haiachii yote. Usipokuwepo kabisa, klachi haishiki yote na itaungua.

Ikiwa njia ya oili ni nzima na upepo umetoka, lakini Kipimo cha 2 bado kinakwaruza, basi tatizo lipo ndani ya klachi yenyewe. Huenda pleti imepinda au imeshika kutu baada ya kuvuka maji, au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili imegoma. Hapo giaboksi itashushwa kwa haki. Na kwa kuwa kazi kubwa ni kushusha na kupandisha, badilisheni kwa pamoja klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi na ile beringi ndogo.

OILI YA GIABOKSI NA MITO YETU

Oili ya giaboksi hukaguliwa gari likiwa tambarare, kwa kufungua nati ya ubavuni. Oili ifike ukingo wa chini wa tundu. Unapotaka kuibadilisha, fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Wako watu waliomwaga oili yote ndipo wakagundua kuwa nati ya kujazia imegandamana, na gari likabaki limesimama bila oili.

Aina ya oili ifuate kitabu cha gari. Kwenye makopo utaona maandishi GL-4 na GL-5. Si kweli kwamba namba kubwa ndiyo bora kwa kila kitu. GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, na katika baadhi ya giaboksi dawa zake haziendani na ringi za sinkronaiza. Usikubali "oili ya gia" isiyo na jina inayopimwa kwenye pipa.

Oili ikitoka, itazame. Vumbi laini la chuma ni jambo la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni dalili mbaya. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Hili hutokea hasa kwetu tunaovuka mito: giaboksi ikiwa ya moto ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye kitundu cha kupumulia au sili iliyochoka. Baada ya kuvuka maji marefu kagua oili ya giaboksi na ya difu zote mbili, na hakikisha kitundu cha kupumulia hakijazibwa na tope.

MKONO MDOGO: FOWILI INAPOGOMA KUTOKA

Mara nyingine mkono unaogoma ni ule mdogo wenye alama H2, H4 na L4. Dereva anatoka kwenye tope, anafika barabara ya lami, anataka kurudi H2 na mkono hautoki. Watu hudhani umevunjika.

Sababu yake ni hii. Ukiwa kwenye H4, ekseli ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja. Kwenye tope magurudumu huteleza kidogo, hivyo hakuna shida. Kwenye lami au udongo mkavu hayatelezi, na ukikata kona vyuma hujisokota na kubana mkono. Dawa yake: nyoosha usukani, rudi nyuma taratibu mita chache ukiwa umenyooka, kisha jaribu tena. Usiupige mkono kwa nyundo wala teke.

Kumbuka pia: kuingia L4 au kutoka, simamisha gari kabisa na kukanyaga klachi. Na kwa gari lenye habu za kuzungusha kwa mkono, magurudumu yote mawili ya mbele yawe LOCK au yote yawe FREE.

UKIKWAMA MBALI NA GEREJI

Kila gari liwe na chupa ya oili ya breki ambayo haijafunguliwa. Klachi ikipotea njiani, ongeza oili, pampu pedali mara nyingi, na mara nyingi utapata klachi ya kukufikisha mahali salama. Kagua kikopo kila unaposimama.

Ikiwa klachi imekufa kabisa, gari la dizeli la aina hii linaweza kuondolewa kwa kuingiza gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa na kuwasha likiwa ndani ya gia. Gari litaruka mbele mara moja. Hii ni njia ya dharura tu: mbele pawe wazi, asiwepo mtu karibu, na usiitumie kwenye mteremko wala kwa gari lililobeba abiria. Ukitaka kusimama, kanyaga breki na uzime injini. Lengo ni kutoka mahali pa hatari, si kumaliza safari.

MAZOEA MANNE YANAYOUA GIA

1. Kupumzisha mguu juu ya pedali ya klachi. Rilizi beringi inazunguka bila kupumzika na pleti inaungua.
2. Kupumzisha mkono juu ya mkono wa gia. Uzito huo unasaga uma za ndani zinazosukuma gia.
3. Kulizuia gari kilimani kwa klachi badala ya breki.
4. Kuingiza rivasi gari likiwa bado linakwenda mbele. Subiri lisimame kabisa.

KABLA HUJATIA SAHIHI

Kwa waratibu, wahasibu na wakuu wa vituo: hatuhitaji kuwa mafundi ili tulinde mali tuliyokabidhiwa. Tunahitaji kuuliza. Tangu siku ile ya zulia, sitii sahihi ya kushusha giaboksi kabla ya kupata majibu ya maswali haya matano:

Je, gia zote zinakataa, au moja tu?
Je, zinaingia injini ikiwa imezimwa?
Je, kikopo cha oili ya klachi kilikuwa kwenye kipimo gani, na zulia limeinuliwa?
Je, upepo umetolewa na gari likajaribiwa baada ya hapo?
Je, spea za zamani zitarudishwa ofisini ili tuzione?

Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Anayafurahia, kwa sababu yanamwonyesha kwamba mwenye gari anajali. Na majibu yaandikwe kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na kilomita. Kama daftari letu lingekuwa limeandikwa vizuri, tungeona kwamba oili ya klachi ilikuwa imeongezwa mara 3 kabla ya ile safari ya Januari. Kila dereva aliongeza, akafunga boneti, akanyamaza. Ugonjwa ulikuwa umepiga hodi mara 3 na hakuna aliyeitikia.

Dereva ndiye daktari wa kwanza wa gari. Anasikia sauti ambayo sisi wa ofisini hatuisikii. Tusimkemee anapoleta taarifa ya jambo dogo, maana akikemewa leo, kesho atanyamaza, na gari litasema lenyewe mahali pabaya. Akina mama waliorudi bila chanjo siku ile hawakujua lolote kuhusu raba ya pampu. Walijua tu kwamba tuliahidi kufika na hatukufika.

MASWALI YA KUJADILI KITUONI KWENU

1. Gari lenu lilikaguliwa lini oili ya klachi, na nani aliandika?
2. Gia zote zinakwaruza injini ikiwaka, lakini zinaingia vizuri ikizimwa. Mtaanza kukagua wapi, na kwa nini?
3. Ni safari zipi za kituo chenu ambazo haziwezi kusubiri gari lililolala gereji? Mmepanga nini likiharibika siku hiyo?
4. Dereva wenu ana uhuru wa kusema, "Leo gari hili lisitoke"? Kama hana, nani ampe?

Zoezi: Juma hili dereva na mkuu wa kituo wafanye pamoja vipimo vinne, kisha waandike majibu kwenye daftari la gari. Na kabla ya yote, wainue zulia.